Ukuta wa chumba cha kujaribia ni stara ya biharusi



Leo hatuandiki juu ya shela, wala piko, wala udi. Tunaandika juu ya mashine ya kukazia skrubu za jipsamu. Tunawasikia mnavyocheka: "Nyie mafundi wa magauni mmekosa la kusema?" Chekeni, lakini msiondoke. Mkimaliza mtajua kwa nini mashine hii imekaa kwenye meza yetu ya kazi, pembeni ya cherehani na pasi, na kwa nini tunaona ina nafasi hata kwenye zawadi za biharusi.

Tuanze na lililotukuta.

Duka letu ni chumba kimoja cha kukodi. Mbele tunapokea wateja, nyuma ndipo wanapojaribia nguo. Katikati alikuja fundi akatujengea ukuta wa jipsamu. Alifanya kazi siku moja, akapaka rangi, ukapendeza. Tukatundika kioo, tukaweka zulia, na kila biharusi aliyeingia tukamwambia: jiachie mwanangu, humu ndani ni stara.

Ikaja Shaabani. Mnaijua Shaabani ya kwetu, harusi juu ya harusi, kila mtu anawahi kabla ya mwezi mtukufu. Biharusi mmoja alikuja na mama yake kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Kaka yake alikaa upande wa mbele akisubiri kulipa, pamoja na kijana aliyetuletea vitambaa. Biharusi akavua, akalitundika gauni lake kwenye kulabu ya ukutani. Gauni lile lilikuwa na shanga tangu kifuani mpaka kwenye pindo, zito kweli. Bodi ikalia kwa sauti ndogo tu, kisha ikachomoka kwenye fremu, ikaangukia mbele. Maskini mtoto wa watu akabaki na gagulo mbele ya wanaume wawili.

Mama yake alivua buibui lake mwenyewe akamfunika. Kaka mtu alishageuza uso na kutoka nje. Kijana wa vitambaa naye akatoka mbio. Hakuumia mtu, alhamdulillah. Lakini biharusi alikaa chini, akalia, na sisi tulisimama na futi shingoni hatuna la kusema. Tungesema nini? Chumba kile sisi ndio tuliomwambia kuwa ni cha stara.

Gauni alilichukua, kwa sababu harusi ilikuwa Ijumaa ile ile. Mdogo wake alipoolewa walikwenda kushona kwengine. Hatuwalaumu.

Jioni ile tulifunga duka tukaikagua bodi. Skrubu zote zilikuwa zimebaki kwenye fremu, zimesimama kama misumari. Bodi ndiyo iliyoziacha. Kila palipokuwa na skrubu palikuwa na tundu la duara, karatasi imechanika pembeni, unga mweupe unamwagika. Mtu wa cherehani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni kama kishikizo ulichokikaza mno kwenye shifoni: kishikizo hakikatiki, kinang'oka na kipande cha kitambaa.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza, kusoma na kujaribu. Tulilolipata ndilo maoni yetu leo: mwanamke mwenye duka, au mwenye nyumba anayoitengeneza kidogo kidogo, aijue kazi ya skrubu ya jipsamu kwa mkono wake, na mashine atakayoinunua iwe ile inayojua pa kusimama. Nguvu peke yake haitoshi, na wakati mwingine nguvu ndiyo inayoharibu.

Jipsamu inashikwa na karatasi

Wengi tunadhani bodi ya jipsamu ni kama ubao, kadiri skrubu inavyozama ndivyo inavyoshika. Sivyo. Ndani yake ni jipsamu iliyogandishwa, ngumu kiasi lakini inamung'unyika. Juu na chini imevishwa karatasi nzito, na sehemu kubwa ya nguvu ya bodi imo kwenye karatasi hiyo. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kuikandamiza karatasi, kizame kidogo tu kiasi cha kufunikwa na pute, bila ya kuichana. Kikiichana, basi bodi inaning'inia kwenye unga.

Na bodi si nyepesi. Ile ya kawaida ina upana wa mm 1200 na urefu wa mm 2400. Ikiwa nene ya mm 12, bodi moja inapita kilo 20. Uzito huo wote unabebwa na vichwa vidogo vya skrubu na karatasi iliyo chini yake.

Fundi wetu alitumia drili ya kawaida ya betri. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Alikaza kwa nguvu akidhani anatufanyia hisani, na alikuwa na haraka. Tena aliweka skrubu chache, mbalimbali. Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu ya kosa: tuliangalia rangi, hatukuangalia kazi. Nguo tunaigeuza ndani nje kutazama mshono kabla ya kuipokea. Ukuta tuliupokea kwa kuutazama usoni.

Mashine tatu, na tofauti zao

Ukienda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Darajani au Mwanakwerekwe, utaonyeshwa mashine tatu zinazofanana kwa mbali.

Ya kwanza ni drili ya betri, ile yenye pete ya namba nyuma ya mdomo. Watu watakwambia ukiweka namba ndogo haizamishi. Kuna ukweli kidogo. Lakini namba zile zinapima nguvu, hazipimi kina. Mashine inasimama pale skrubu inapokuwa nzito kuzunguka. Penye chaneli inasimama mapema, pengine inachelewa, basi skrubu moja inatokeza na nyingine imeshachana karatasi.

Ya pili ni ile fupi inayogongagonga kwa kelele ikianza kukaza. Hiyo ni nzuri kwa mbao nene na skrubu ndefu. Kwenye jipsamu ina pupa. Ukichelewa kuachia kidole hata kidogo, kichwa kimeshazama.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumza. Hii ina pua mbele, kama kifuniko kinachozunguka biti. Ukiweka skrubu na kusukuma, mashine inazungusha. Pua ikigusa bodi, klachi ndani yake inaachia na skrubu inasimama pale pale, hata kama kidole chako bado kimebonyeza. Kina unakipanga wewe kwa kuzungusha pete ya pua. Ukishakipanga, skrubu ya kwanza na ya mia moja zinakaa sawa.

Sisi washoni tunaielewa haraka hii. Ni kama kile kiongozo cha pindo tunachokifunga pembeni ya kiguu cha cherehani. Mwanafunzi wa wiki mbili anashona pindo lililonyooka, kwa sababu kiongozo kinamshikia kipimo. Mashine hii inakushikia kina, nawe unabaki na kazi ya kuishika wima.

Ukienda kununua

Usiulize drili, utapewa drili. Muulize muuzaji mashine ya skrubu za jipsamu, yenye pua ya kurekebisha kina. Kisha angalia haya.

Kasi. Mashine za kazi hii huzunguka haraka, nyingi zinafika mizunguko 4000 kwa dakika au karibu yake. Usiogope. Kasi hiyo inaifanya skrubu ing'ate chaneli upesi bila kuyumba, na klachi ndiyo inayoizuia. Mashine yenye kasi kubwa lakini haina pua usiichukue kwa kazi hii.

Volti. Hapa tunadanganywa sana. Mashine moja imeandikwa 18V, ya jirani yake 20V, muuzaji anakwambia ya 20 ina nguvu zaidi. Kwa kawaida ni kitu kimoja. Ndani ya betri hizo mna seli 5. Kila seli ikiwa kazini huhesabiwa volti 3.6, jumla 18. Ikitoka kwenye chaji kila moja inafika kama volti 4, jumla 20. Kampuni moja imeandika hesabu ya kazini, nyingine imeandika hesabu ya kutoka kwenye chaji. Na ukiona mashine ya bei ya chee imeandikwa 48VF au 88VF, usidhani hiyo ni volti.

Betri. Namba ya Ah ndiyo inayokwambia itadumu muda gani. Betri ya 2.0 Ah ni nyepesi na ilitutosha ukuta mzima wa duka. Ya 5.0 Ah inadumu zaidi lakini mkono utaisikia. Kwetu umeme unapokatika, bora betri mbili ndogo kuliko moja kubwa. Na kama una drili ya betri tayari, au mume au kaka anayo, angalia kampuni yake. Betri za kampuni moja na mfumo mmoja huingiliana, kwa hiyo unaweza kununua mwili wa mashine peke yake, bila betri wala chaja, na bei inashuka sana.

Mota. Zile zisizo na brashi za kaboni ndani huwa ghali kidogo, lakini zinaitumia betri vizuri zaidi na hakuna brashi za kubadilisha. Kwa kazi ndogo ya duka ile yenye brashi pia inafaa.

Chaja. Umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha chaja kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 220 hadi 240, au 100 hadi 240, salama. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, imetengenezwa kwa soko la Marekani, ukiichomeka hapa utaiunguza. Wengi tuna ndugu Muscat au Dubai, na huko umeme na plagi za pini tatu ni kama vyetu, basi mzigo wa kutoka huko hautusumbui. Ila mwambie mapema: betri za akiba haziwekwi kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, zinabebwa mkononi, na kila moja isipite wati-saa 100 bila ya ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu ni volti mara Ah. Betri ya volti 18 na 5.0 Ah ni wati-saa 90, inapita.

Mkono. Ishike dukani, betri ikiwa imo. Mashine hizi pamoja na betri ndogo kwa kawaida hazifiki kilo 2. Inyooshe mbele kama unafanya kazi, uhesabu mpaka sitini. Ikikuchosha hapo dukani, itakuchosha zaidi juu ya ngazi.

Kuna nyingine zina mkanda wa skrubu uliopangwa kama risasi, zinajilisha zenyewe. Zinapendeza. Lakini kama mikanda yake hujaiona madukani kwetu, umenunua cherehani isiyo na bobini.

Ukianza kazi

Kwanza mavazi. Hili hutalikuta kwenye karatasi ya maelekezo, maana aliyeiandika hakutufikiria sisi. Ncha ya mtandio, mkono mpana wa abaya na kamba ya kiuno ni hatari mbele ya kitu kinachozunguka mara elfu kwa dakika. Pua inaifunika biti kwa sehemu, lakini skrubu inazunguka nje. Vaa ushungi mfupi uliobana, pini zote ziingizwe ndani, mikono ibane kwenye kifundo, bangili na pete kubwa vua. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu vumbi la jipsamu linawasha macho, na barakoa pale unapokata au kupiga msasa. Kama ukuta ule una nyaya za umeme, zima swichi kubwa na ujue nyaya zinapita wapi kabla ya kugusa chochote.

Pili skrubu zenyewe. Fremu ya chaneli ya bati inataka skrubu yenye nyuzi za karibu karibu. Fremu ya mbao inataka yenye nyuzi za mbali mbali. Ukizichanganya hazishiki ipasavyo. Kwa bodi moja ya mm 12 juu ya chaneli, skrubu ya mm 25 inatosha. Juu ya mbao, au ukiweka bodi mbili moja juu ya nyingine, nenda kwenye mm 35. Skrubu nyeusi ni za ndani pakavu. Zitie pute vizuri, hewa yetu ya bahari haina huruma. Mahali pa kutilia udhu na msalani tafuta zile zilizopakwa zinki, pamoja na bodi ya kuzuia unyevu.

Tatu, jaribu pembeni. Hakuna mshoni anayeanza gauni la harusi bila ya kujaribu mshono kwenye kipande. Chukua kipande cha bodi na kipande cha chaneli. Panga pua ianze juu juu, piga skrubu moja, kisha ongeza kina kidogo kidogo. Pitisha bapa la kisu juu ya kichwa. Likikwaruza, skrubu bado inatokeza. Likipita bila kukwaruza na karatasi haijachanika, hicho ndicho kipimo chako. Usiiguse tena pete.

Nne, kushika. Biti iwe namba 2 ya msalaba, mpya na yenye sumaku. Biti iliyolika inateleza na kula vichwa vya skrubu, nunua za akiba. Weka skrubu kwenye ncha, ielekeze wima kwenye bodi, bonyeza, halafu sukuma kwa moyo mmoja mpaka usikie klachi imeachia. Kiganja kikae nyuma ya mashine, nguvu yako iende moja kwa moja mbele. Ukisukuma kwa woga skrubu itacheza juu ya karatasi. Ukiisukuma kwa upande, ukingo mmoja wa kichwa utachana karatasi na mwingine utatokeza.

Tano, nafasi. Ukutani weka skrubu kila mm 300. Darini karibisha zaidi, kiasi cha mm 230, maana kule bodi inaning'inia. Usikaribie ukingo wa bodi: acha angalau mm 10 kwenye ukingo wenye karatasi na mm 13 kwenye ukingo uliokatwa. Ukiwa na fremu ya nguzo kila mm 600, bodi moja iliyosimama ina mistari mitatu ya skrubu, na kila mstari skrubu 9. Jumla 27. Ule ukuta wetu ulioanguka tulihesabu matundu yake. Bodi ile ilikuwa na 11.

Na ukikosea? Skrubu ikichana karatasi usiiongezee nguvu. Piga nyingine pembeni yake, kiasi cha sentimita 5, kisha itoe ile mbovu na uzibe tundu. Kukosea kupo. Tulikosea nyingi siku ya kwanza.

Jambo la mwisho ndilo lililotuponza sisi: jipsamu peke yake si mahali pa kutundika gauni la shanga. Kabla ya kufunika fremu, funga ubao kati ya nguzo na nguzo, usawa wa pale kulabu zitakapokaa, na kulabu ziingie kwenye ubao ule. Kama ukuta umeshajengwa, tundika nguo kwenye stendi inayosimama chini.

"Mwanamke na drili?"

Tulipoanza kuujenga ule ukuta upya sisi wenyewe, shangazi yetu mmoja alisimama mlangoni akasema, "Mmekosa wanaume wa kuwafanyia?" Tulimpa kiti na chai. Swali lake ni la haki, na wengi mnalo.

Jibu letu la kwanza ni kuwa wanaume tunao, alhamdulillah, na mafundi wazuri tunawaheshimu. Dari ya duka hatukuigusa, tulimwita fundi, maana bodi ya darini inataka watu wawili au watatu na ngazi madhubuti. Umeme pia hatugusi. Lakini kwa kila kulabu, kila kona iliyolegea, tumlipe mtu nauli, tumsubiri siku tatu, tufunge duka kwa sababu ndani tumebaki wasichana peke yetu na mwanamume asiye maharimu? Wanawake wangapi wanaishi na mlango wa kabati uliong'oka mwezi mzima kwa sababu mume yuko safari na hawataki kumwingiza mtu nyumbani? Huko kusubiri tunakuita subira. Mara nyingine ni kutojua tu.

Jibu la pili ni kuwa anayeijua kazi hadanganywi. Siku hizi fundi akija kwetu tunamwomba apige skrubu moja kwenye kipande kwanza, tunapitisha kisu. Fundi mwema hachukii, tena anafurahi kuona mwenye nyumba anaelewa.

Na la tatu, kazi ya mkono haijawahi kumshusha mwanamke wa Kiislamu. Mama yetu Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake, mke wa Mtume wetu (s.a.w.), alikuwa akitengeneza ngozi na kuzishona kwa mkono wake, na anachokipata akikitoa sadaka. Na Mtume mwenyewe (s.a.w.), kama alivyosimulia Bi Aisha, akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake nyumbani. Hatusemi jipsamu ni ibada. Tunasema mkono unaojua kazi ni neema.

Si kila mtu anunue

Tuseme kweli, maana kuna mtu atatoka hapa akatumie hela ya ada ya skuli ya mtoto. Kama una chumba kimoja cha kurekebisha na una drili ya kawaida, usinunue mashine. Ipo biti ndogo yenye kikombe kuzunguka ncha, inafungwa kwenye drili yoyote. Kikombe kikigusa bodi, biti inaachana na kichwa cha skrubu. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mashine. Haiendi haraka wala haina raha ya mashine, lakini karatasi haichaniki.

Kama mko kwenye mchezo wa pesa, wanawake kumi wa mtaa mmoja, basi nunueni moja ya pamoja. Mashine ya namna hii kwa mtu mmoja inalala miezi. Kwa wanawake kumi haitalala. Andikeni nani anayo, irudi na betri zote mbili zimechajiwa na biti zake zote, maana ni amana.

Na nyie mnaotafuta zawadi ya biharusi. Tumeshaona biharusi mmoja akipewa seti tano za vikombe na majagi saba, yote yako juu ya kabati hayajafunguliwa. Mtoto huyo anaingia nyumba ambayo bado inajengwa chumba baada ya chumba, kama tunavyojenga wengi wetu hapa visiwani. Changianeni nyinyi mashoga zake wanne, mumnunulie mashine moja nzuri, boksi la skrubu, miwani na biti tano. Ifungeni kwa karatasi ya dhahabu na utepe, hakuna atakayejua mpaka aifungue. Somo wake atamfundisha yake, na nyinyi mtamfundisha hili.

Ule ukuta wetu mpya tuliujenga wenyewe kwa siku mbili, na bodi kila upande. Bodi iliyoanguka tumekata kipande chake chenye matundu mawili, tunacho kwenye droo ya mkasi. Msichana mpya akija kujifunza kushona, kabla hajamwingiza biharusi kwenye chumba kile, tunamwonyesha kipande hicho, kisha tunamwambia auguse ukuta, ausukume kwa kiganja, na asiseme neno stara mpaka awe na uhakika nao.

Allah atustiri sote, na awape maharusi wa mwaka huu nyumba zenye kheri. Amin.